Nahodha Zamira Mlangoni

Twaiba alikuwa amekalia kigoda, mgongo umeegemea mlango wa chumba cha bibi harusi, miguu ameinyoosha mbele, na uso wake ulisema wazi kwamba hapiti mtu. Kazi ya kuulinda mlango ule aliingojea miaka ishirini, tangu Ummi alipoletwa kwake Msambweni akiwa na miaka sita, mamake amefariki na babake, Chirau, hajui hata kumsuka mtoto nywele. Twaiba, dadake Chirau, ndiye aliyemsuka. Akamsomesha, akamuuguza surua, akamfukuzia wavulana wa mtaani kwa mwiko, na leo mtoto anaolewa. Kwa hiyo bwana harusi akitaka kuingia atatoa kifungua mlango kama walivyotoa wenziwe wote, na kwa Twaiba atatoa kitu kinachouma.

Nikaha ilikuwa imeshafungwa msikitini baada ya adhuhuri, huko kwa wanaume. Kilichobaki ni mume kuja nyumbani, aingie chumbani, ampe mkono mkewe. Na hapo baina ya mume na mke ndipo anapokaa shangazi.

Nyuma yake Ummi alikaa kitandani, amefunikwa leso ya kisutu mpaka kwenye paji la uso, hina mikononi, macho chini. Bibi harusi hasemi mpaka mumewe aingie. Chumba kilijaa wanawake, udi na joto, na jirani yao Hasina alikuwa amejibandika dirishani ili awape wenzake habari za nje kabla hazijatokea.

Mashangazi wengine huomba leso, au mafuta mazuri, au bahasha. Twaiba hakutaka vyote hivyo. Alitaka karata.

Kisa cha karata ni hiki. Kulikuwa na mchezo wa televisheni, Safina ya Zohali, uliotiwa sauti za Kiswahili, unaosimulia watu walioihama dunia iliyokufa wakawa wanazurura mbinguni ndani ya chombo chao wakitafuta pa kutua. Nahodha wao alikuwa mwanamke aitwaye Zamira, kipara, jicho moja la kioo, mkali kwa wanaume wake wote. Twaiba mwenyewe aliutazama mara mbili tatu, akasema huyo nahodha angalau anajua kazi. Kisha zikaja kadi za mchezo ule, zinazouzwa ndani ya pakiti zilizofungwa ili mnunuzi asijue amepata nani, na hapo Ummi, msichana msomi, mpima damu katika zahanati moja ya Diani, akapotewa na akili. Kila Jumapili baada ya alasiri alikuwa Ukunda, nyuma ya duka la simu, kwenye meza za plastiki, akipigana vita vya sayari na watu asiowajua majina ya baba zao.

Huko ndiko alikokutana na Abubakar, fundi wa sola kutoka Majoreni. Ummi alimfunga mara tatu mfululizo. Mara ya tatu kijana hakuomba marudio, aliuliza jina la babake. Kipande hicho cha kisa Twaiba alikipenda sana, ingawa hakuna mtu aliyewahi kumsikia akikiri.

Na Abubakar hakuwa na kasoro ya kusemwa. Alisali, alifanya kazi, alimwamkia kila aliyemzidi hata kwa mwaka mmoja. Ila alikuwa na kadi moja, Nahodha Zamira wa Alfajiri, ambayo Ummi alisema pwani nzima hakuna ya pili, na alitembea nayo ndani ya kikasha cha plastiki katika mfuko wa shati, upande wa moyo. Siku alipokuja kujitambulisha, Hasina alijikwaa na birika, chai ya moto ikamrukia mgeni. Abubakar akaukinga mfuko kwanza. Goti akalikumbuka baadaye, lilipokuwa limeshaungua.

Wote walicheka isipokuwa Twaiba. Alijiuliza, mwanamume anayeiokoa karata kabla ya goti lake mwenyewe, siku nyumba ikishika moto ataanza kumtoa nani? Swali lile lilimkaa kifuani tangu siku ile, na hakuthubutu kumuuliza mtu, kwa sababu Ummi alikuwa na furaha na furaha ya Ummi ilikuwa ndiyo pumzi yake yeye. Lakini mlangoni shangazi ana haki ya kuomba chochote. Leo angejua.

"Wanakuja!" Hasina akapiga kelele. "Wamefika kwenye mpapai! Bwana harusi kavaa joho! Kapendeza, Twaiba, kapendeza mpaka basi!"

Matari yakasikika, kaswida, vicheko vya wanaume waliokwisha kula pilau. Kisha mlango ukagongwa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Hodi ya nani?" Twaiba aliuliza, bila kuinuka.

"Ya Abubakar, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Abubakar yupi? Huku tunawajua Abubakar sita, na mmoja ni punda."

Wanawake wakaangua vigelegele. Nje wanaume wakacheka kuliko wao.

"Abubakar mume wa Ummi," sauti ilisema, na ilivyolitamka neno lile *mume*, kwa woga na kwa fahari, Twaiba ilimbidi auume mdomo asitabasamu.

Wakaanza. Leso doti mbili zilipitishwa dirishani, Hasina akazipokea, akazinusa, akazishikilia. Twaiba akasema nzuri, lakini mlango haujazisikia. Ikaja chupa ya mafuta ya waridi. Mlango ukawa na mafua. Ikaja bahasha, ikarudishwa ilivyo. Wenye harusi wakazidi kufurahi, maana shangazi mgumu ndiye raha ya harusi, na matari yakapigwa kumhimiza.

"Basi sema mwenyewe, shangazi," Abubakar akasema. "Mlango unataka nini?"

Twaiba akakohoa kidogo. Moyo ulikuwa unamwenda mbio, akaona haya kwa hilo.

"Mlango unataka hiyo karata yako. Zamira. Hiyo unayoilaza upande wa moyo."

Matari yakanyamaza. Mtu huko nje akasema, "Laa!" kwa sauti ya aliyekanyagwa.

Twaiba alikuwa amejiambia kwamba anataka kumnasa kijana. Sasa alipomwona amenasa, alitambua kwamba alichokuwa akikitaka kwa kweli ni kushindwa: kadi ipite chini ya mlango papo hapo, bila neno, naye afungue akilia kwa furaha.

"Shangazi," Abubakar akasema taratibu, "naomba uchague kitu kingine."

"Sichagui."

"Nitakuletea mbuzi."

"Mbuzi ninao, wananilia nguo. Nimesema karata."

"Siwezi, shangazi. Wallahi siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Si yangu."

Twaiba akageuka, akautazama mlango. "Si yako vipi? Umeipoteza?"

"Ninayo hapa. Lakini tangu adhuhuri si yangu tena."

Hapo Twaiba alisikia kikohozi. Alikijua kikohozi kile tangu utotoni. Ni kikohozi alichokohoa Chirau alipovunja mtungi wa mama, na alipofeli mtihani, na kila alipokuwa na jambo ambalo dadake angelijua tu mwishowe.

"Chirau," alisema. "Uko hapo?"

"Nipo, dada."

"Sema."

"Dada, leo ni siku ya furaha."

"Sema, Chirau, kabla sijaufungua mlango huu nikakutoa mbele ya watu."

Kikohozi kingine. "Hiyo ndiyo mahari," Chirau alisema.

Hata Hasina aliliacha dirisha.

"Mahari ya nani?"

"Ya Ummi. Ndiyo aliyoitaja. Mahari ni haki ya binti, akitaja ametaja. Nikamwambia sheikh, sheikh akaiomba aione, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akauliza kama ina thamani. Vijana wakamwambia kuna mtu Nairobi aliyetaka kumpa Abubakar pikipiki mpya kwa ajili yake, akakataa. Sheikh akasema basi ina thamani, akaozesha. Halafu akauliza huyo mwanamke ana jicho gani."

Wanaume wakashindwa kujizuia, wakacheka. Twaiba hakucheka.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilikuuliza mara tatu, mahari ni nini, ukaniambia ni kitu cha dhahabudhahabu."

"Ina dhahabu, dada. Pembezoni."

"Nikafikiri ni bangili! Nimewatangazia watu wa Msambweni wote kwamba mtoto wangu anapewa bangili!"

Sasa na wanawake wakaanza, mmoja mmoja, wameziba midomo kwa mitandio, mabega yanatikisika. Lakini Twaiba ilimuuma kwelikweli. Si kwa ajili ya bangili. Miaka ishirini amemlea, na jambo kubwa la maisha yake mtoto amelipanga na babake na mumewe na sheikh na vijana wa meza za plastiki, wote wakajua, akabaki yeye peke yake na bangili yake ya hewani. Aliinuka kwenye kigoda, akaenda mpaka kitandani, akasimama mbele ya leso ya kisutu. Kope zilikuwa zimemlowa.

"Na wewe," alisema polepole, "hukuweza kunambia mimi?"

Leso ikatikisika. Ilikuwa zamu ya bibi harusi kunyamaza, kama walivyonyamaza bibi harusi wote wa nyumba ile. Ummi akaifunua leso mpaka mabegani na kuinua macho.

"Ungekataa, shangazi," alisema.

"Kasema!" Hasina akanong'ona. "Bibi harusi kasema!"

"Ningekataa, ndiyo! Karata! Mtu anaolewa kwa karata?"

"Unakumbuka mwaka ule wa mvua kubwa, tulipokuwa tukichambua mchele, nikakuuliza mahari yako wewe ilikuwa nini?"

Twaiba alikumbuka. Alitamani mtoto anyamaze, na akatamani aendelee.

"Uliniambia ilikuwa cherehani," Ummi akasema. "Ya miguu, mpya, marehemu mumeo aliinunua Mombasa. Ukaniambia uliiona siku moja tu, imefunikwa shuka, ukaligusa gurudumu. Kesho yake babu akaichukua akampa baba, kwa sababu baba alikuwa anajifunza ushoni na wewe ni mwanamke una mume wa kukulisha. Hukuishonea hata kifungo."

Mlango ule ulikuwa wa mbao nyepesi, na Chirau alikuwa amesimama upande wa pili wake.

"Basi nikafikiri sana, shangazi. Nikasema nitake ng'ombe? Ng'ombe watakwenda malishoni kwa baba. Dhahabu? Dhahabu itaazimwa, kila harusi itavaliwa na mtu. Nikajiuliza ni kitu gani ninachokipenda mimi, ambacho baba hatakitaka, wajomba hawatakitaka, hakuna jamaa atakayejua hata kukitumia?" Ummi alikuwa anacheka na kulia pamoja, wanja umeshamwagika. "Nikaona ni Zamira tu. Nikamwambia Abubakar, akasema sawa. Akaitoa palepale mezani, akaniwekea. Nikamwambia aichukue kwanza, ailete siku ya nikaha, mbele ya watu."

Twaiba alikaa kitandani pembeni yake. Alitaka kukasirika zaidi, akatafuta pa kushika, hakupapata. Palepale mezani, alijisemea. Kabla hata hajaombwa na shangazi. Kisha picha ikamjia ya wajomba wa Ummi, wazee wanne wenye ndevu, wamemzunguka mwanamke kipara mwenye jicho la kioo, wakigombania nani amchukue nyumbani, na kicheko kikubwa kikamtoka ghafla, kikamkaba, ikabidi Hasina ampige mgongo.

Alipopata pumzi alirudi mlangoni, lakini hakukaa.

"Abubakar."

"Naam, shangazi."

"Ipitishe chini ya mlango. Nimpe mwenyewe."

Kijana akasita. Twaiba alimsikia akisita, na safari hii hakuudhika.

"Ummi," Abubakar akauliza kwa sauti, "nimpe?"

"Mpe," Ummi akajibu.

Kikasha kikateleza juu ya sakafu. Twaiba akakiokota, akakipangusa vumbi kwa mtandio wake mpya. Ndani yake Nahodha Zamira alisimama kwenye dirisha la chombo, nyuma yake kunapambazuka juu ya nchi isiyo na jina, na pembezoni, kweli, dhahabu. Chini palikuwa na nguvu zake kwa tarakimu, ambazo Twaiba hakuzielewa. Alimtazama kwa muda. Jicho lile la kioo halikuwa na aibu hata kidogo. Akaenda, akaiweka kadi katikati ya kiganja chenye hina, akavikunja vidole vya Ummi kimoja kimoja juu yake.

"Haki yako hiyo," alisema. "Usimpe mtu. Hata mimi nikilia."

Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka barabara ya Lunga Lunga. Nje matari yakaanza tena, na Abubakar, masikini, akadhani mambo yameisha, akashika kitasa.

"Taratibu!" Twaiba akasema, mgongo mlangoni. "Mlango bado umefungwa."

"Lakini shangazi, mimi sina tena—"

"Wewe hudaiwi, mwanangu. Wewe ulikuwa na kimoja na umeshakitoa. Kifungua mlango atatoa Chirau."

"Mimi?" Chirau akapaza sauti. "Mimi ni baba wa bibi harusi! Umeona wapi baba akatoa kifungua mlango?"

"Hapa. Leo."

"Unataka nini?"

Twaiba alikuwa na la kujibu, la kuchekesha watu, akaliacha. Miaka thelathini na tatu hakuwahi kumtajia nduguye jambo lile. Alimwona akiishonea, akaoa kwa pesa za cherehani ile, akalipa karo kwa pesa hizohizo, na kila Idi yeye Twaiba alipeleka kitambaa chake dukani, akangoja zamu na wateja wengine.

"Unajua ninachotaka," alisema.

Chirau hakukohoa. "Ninajua, dada," alisema, na sauti yake ilikuwa ya yule mdogo wake wa zamani kabisa. "Nimejua siku zote. Kila nilipoitia mafuta nilijua. Niliogopa nikisema nitatakiwa niirudishe, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua." Kisha akawageukia wenziwe. "Nani ana nguvu hapa? Vueni makoti. Twendeni dukani."

Duka la Chirau lilikuwa nyumba tatu mbele. Hasina alirudi dirishani mbio, akawatangazia wenzake kila hatua: wameingia, wametoka, wameibeba wanne, Chirau ameshika gurudumu, bwana harusi naye amebeba, joho amelifunga kiunoni, kuna suruali ya mteja bado imeshikwa na sindano inapepea, polepole hapo kwenye mtaro, jamani, polepole! Wapiga matari walitangulia na watoto walifuata. Mpita njia aliyeiona ile harusi bila shaka alidhani ndiye bibi harusi mwenyewe anayepelekwa kwa mumewe.

Walipoitua, Twaiba akavuta komeo, akafungua mlango wote.

Cherehani ilikuwa imesimama sebuleni, nyeusi, maua yake ya dhahabu yamefutika mahali mkono wa kulia unapopita. Nyuma yake Chirau, kanzu imelowa jasho, kofia mkononi, hajui atazame wapi. Twaiba akaunyoosha mkono akaligusa gurudumu. Lilikuwa laini kwa mafuta, lilizunguka kwa kidole kimoja. Machozi yakamshuka, hakuyafuta.

"Umeitunza," alisema.

"Nimeitunza, dada. Nisamehe."

"Itakaa barazani kwangu. Wateja wako waambie waje huku. Na kila asubuhi kabla hujakaa utaniomba."

Chirau akavaa kofia yake vizuri, akasimama wima mbele ya harusi nzima. "Dada Twaiba, shikamoo. Naomba cherehani."

"Marahaba. Leo kuna harusi. Njoo kesho." Akavuta kiti, akakaa, akaweka miguu juu ya ubao wa kukanyagia, akaanza kukanyaga, na sindano ikaanza kupanda na kushuka kwenye suruali ya mtu wasiyemjua, mshono ukienda kombo na mshonaji akicheka kwa sauti.

Abubakar alisubiri kwa adabu. Alisubiri sana. Mwishowe akainama kidogo.

"Shangazi, naweza kupita?"

Twaiba hakuinua hata macho.

"Pita, mwanangu," alisema. "Kwani nani amekuzuia?"